Je, Wajua? Beri Nyeusi Isiyo na Miiba Katika Shamba Dogo la Gusii

Mkulima wa Kisii au Nyamira akiulizwa apande tunda gani, hutaja ndizi kwanza, kisha parachichi, karakara au matunda ya damu. Beri nyeusi huikumbuka mwisho, na akiikumbuka huwaza miiba iliyomchana miguu utotoni porini. Kuna beri nyeusi zisizo na mwiba hata mmoja. Kabla hujatoa pesa yako kununua mche, pitia haya.

KUITAMBUA

1. Je, wajua kwamba kwa hesabu ya wataalamu wa mimea, beri nyeusi si beri? Ndizi, nyanya na parachichi ndizo beri. Beri nyeusi ni vijitunda vingi vilivyoshikana, kila kimoja na kokwa yake, na vyote vimetoka katika ua moja.

2. Mmea huu ni wa ukoo wa waridi, pamoja na tufaha, plamu na stroberi. Ua lake lina petali tano, nyeupe au za waridi hafifu. Jani lake limegawanyika vijani 3 au 5 vyenye kingo za meno.

3. Je, unaitofautishaje na raspiberi? Chuma moja. Raspiberi huacha kiini chake mmeani na kubaki na shimo katikati. Beri nyeusi hung'oka pamoja na kiini cheupe, nawe hukila. Usiamini rangi peke yake, kwani ziko raspiberi nyeusi pia.

4. Mti mkubwa usio na miiba, wenye matunda meusi yanayofanana sana na beri nyeusi, ni mforosadi. Majani yake hayagawanyiki vijani, ukikata tawi bichi hutoa utomvu mweupe, na tunda lake huchumwa likiwa na kikonyo cha kijani. Mforosadi ni wa ukoo wa mtini na mfenesi, wala hauna udugu na beri nyeusi.

5. Nchini Kenya mforosadi hupandwa hasa kwa ajili ya majani yake, chakula cha viwavi wa hariri. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, lina kituo cha hariri mjini Thika. Basi ukiuziwa "beri nyeusi isiyo na miiba", na baada ya miaka michache ikapita paa la jikoni, ulinunua forosadi. Ni tunda zuri, ila silo ulilolipia.

6. Lantana, kichaka kinachojaa kandokando ya njia, nayo hutoa vishada vya matunda meusi. Shina lake lina pembe nne, majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana na hunuka ukiyafikicha, na maua yake huchanganya rangi katika kishada kimoja. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe, na tunda lake bichi ni hatari kwa mtoto.

7. Tunda jeusi la rinagu, mboga inayopendwa Gusii nzima, ni kijitunda kimoja cha mviringo chenye ngozi nyororo. Rinagu ni ndugu wa nyanya na viazi. Udugu huo una maana kwa mwenye kupanda beri, kama utakavyoona katika namba 25.

8. Kenya ina beri zake za porini. Katika misitu na kingo za mito ya nyanda za juu huota Rubus apetalus, Rubus steudneri, Rubus pinnatus na Rubus volkensii, zote zenye miiba. Hiyo ya mwisho ilipewa jina la Georg Volkens, mtaalamu Mjerumani aliyechunguza mimea ya Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1890.

9. Je, wajua kwamba "miiba" ya beri nyeusi si miiba kamili? Mwiba wa mchungwa ni tawi lililogeuka, na umeshika hadi ndani ya mti. Ule wa beri hutoka katika ngozi ya shina tu, ndiyo maana ukiusukuma kwa kidole upande mmoja hubanduka.

10. Ukikagua mche, usiishie kwenye shina. Geuza jani, upitishe kidole kwenye mshipa wa katikati kwa chini. Vijiba vidogo hupenda kujificha hapo. Mche usio na miiba wa kweli huwa laini shinani, kwenye kikonyo cha jani na chini ya jani.

11. Wakenya wengi walilijua jina la BlackBerry kupitia simu kabla ya kuliona tunda. Simu hiyo ilikuwa ya kampuni ya Kanada, na jina lilichaguliwa kwa kuwa vitufe vyake vidogo vilifanana na vijitunda vilivyopangana. Huduma za simu zake za zamani zilizimwa Januari 4, 2022. Tunda lingali sokoni.

MIIBA ILIKWENDA WAPI?

12. Aina nyingi za leo zisizo na miiba zilirithi ulaini wake kutoka kwa mmea mmoja uitwao Merton Thornless, uliozalishwa miaka ya 1930 katika taasisi ya John Innes, kusini mwa London. Ulikuwa mfupi na dhaifu, lakini watafiti waliuchanganya na aina zenye nguvu.

13. Mwaka 1966 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa Thornfree na Smoothstem. Zilifuatwa na Chester mwaka 1985 na Triple Crown mwaka 1996, ambazo zingali zinapandwa katika bustani nyingi duniani. Fito za aina hizi huinama, hivyo huhitaji waya wa kuegemea.

14. Chuo Kikuu cha Arkansas kiliamua kutafuta beri isiyo na miiba inayosimama wima. Kikapata Navaho mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha Arapaho, Apache, Ouachita na nyingine. Wengi wa watoto hao walipewa majina ya makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika.

15. Je, wajua kwamba mbegu ya beri isiyo na miiba inaweza kuzaa mmea wenye miiba? Ulaini uliotoka Merton ni sifa inayofichika: nyuki akileta chavua kutoka kwa beri ya miiba iliyo jirani, miiba hushinda. Kwa hiyo anayekuuzia pakiti ya mbegu za "beri zisizo na miiba" anakuuzia bahati nasibu. Nunua mche uliotokana na shina au ncha ya mmea mama.

16. Wazalishaji wa aina mpya hawasubiri mche ukue ndipo wajue. Huchungulia majani mawili ya kwanza ya mche uliotoka tu kwenye mbegu. Yakiwa na vinyweleo vya tezi kingoni, mche utakuwa na miiba. Yakiwa laini, hautakuwa nayo.

17. Iko aina moja yenye ujanja. Thornless Evergreen, iliyogunduliwa Oregon miaka ya 1920, haina miiba kwenye ngozi tu, na ndani yake bado ni mmea wa miiba. Ukikata mzizi wake kwa jembe, chipukizi linaloota pale huja na miiba yote. Mmea wa namna hii huzalishwa kwa ncha ya shina peke yake.

KISII NA NYAMIRA ZINAFAA?

18. Mji wa Kisii uko kusini kidogo tu mwa ikweta, na mashamba ya kaunti hizi mbili yako hasa kati ya mita 1,500 na zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka sehemu nyingi. Hapakosekani maji. Kinachokosekana ni baridi kali.

19. Baridi ndiyo siri kubwa ya tunda hili. Beri nyeusi ya kawaida huzaa tu ikiwa imelala wakati wa kipupwe. Navaho, kwa mfano, hudai saa zipatazo 800 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Nyamira haina kipupwe cha namna hiyo. Mmea huo utakupa majani mazuri mwaka mzima, na matunda ya kuhesabu kwa vidole.

20. Je, basi hakuna tumaini? Lipo. Ziko aina zinazozaa kwenye fito za mwaka huo huo bila kungoja baridi. Za kwanza, Prime-Jan na Prime-Jim, zilitoka Arkansas mwaka 2004 zikiwa na miiba. Miaka kama 10 baadaye chuo hicho kikatoa Prime-Ark Freedom, ya kwanza ya kundi hilo isiyo na miiba. Mkulima wa Gusii aulize kundi hili kabla ya jingine lolote.

21. Aina hizo za mwaka huo huo zina ugomvi na joto: likipita nyuzi 29, maua huharibika na vijitunda hushindwa kujaa. Hapo milima ya Gusii ina faida, kwani joto lake la mchana kwa kawaida huwa chini ya kiwango hicho.

22. Mexico ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa beri nyeusi duniani, na zao hilo hulimwa hasa katika jimbo la Michoacán, lisilo na kipupwe kikali. Wakulima wake walitumia sana Tupy, aina ya miiba iliyotoka Brazili, na kuilazimisha kuchanua kwa kukata fito na kuondoa majani. Nyanda za juu za nchi za joto zinaweza kulima tunda hili, mradi mkulima ajue kulipangia kalenda.

23. Udongo mwekundu wenye kina wa Gusii unafaa, lakini angalia uchachu wake. Beri nyeusi hupenda pH ya 5.5 hadi 6.5. Majani chai hustawi kwenye 4.5 hadi 5.5. Kipande kilichokuwa cha chai, kando ya Kebirigo au Nyansiongo, huenda kikahitaji chokaa kwanza. Pima udongo. KALRO ina kituo chake Kisii.

24. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba, yaani kama robo ekari kwa kila mtu, ukiwa umehesabu hata barabara, vilima na masoko. Ndiyo sababu zao linalokaa kwenye mpaka wa shamba, bila kugusa mahindi wala mboga, linastahili kufikiriwa. Na kwenye mpaka wanakopita watoto na mbuzi, kukosa miiba ni faida kubwa.

KUPANDA NA KUTUNZA

25. Usipande beri nyeusi mahali palipotoka nyanya, viazi, biringanya, matunda ya damu au rinagu miaka michache iliyopita. Mimea hiyo huweza kuacha kwenye udongo kuvu wa mnyauko, naye huishambulia beri pia. Kaa mbali vilevile na beri za porini, kwa kuwa virusi na kutu huvuka kutoka kwao.

26. Mzizi wa beri nyeusi huishi miaka mingi, lakini kila ufito huishi miwili tu. Kwa aina za kawaida, ufito hukua mwaka wa kwanza, huzaa wa pili, kisha hukauka. Ufito uliomaliza kuzaa ukatwe chini kabisa na uondolewe shambani, maana ndio nyumba ya magonjwa.

27. Aina zinazosimama wima hupandwa umbali wa mita 1 hivi. Zinazoinama huhitaji mita 1.5 hadi 2.5. Ua wa mita 10 basi hutosha miche kama 10 ya kusimama, au 5 ya kuinama. Kati ya mstari na mstari acha mita 2.5 au 3, na kwenye mteremko fuata kontua.

28. Aliyewahi kulima karakara ana nusu ya ujuzi tayari: nguzo na waya ni zile zile. Waya wa kwanza huwekwa kama sentimita 90 kutoka ardhini, wa pili kama mita 1.5. Nguzo za mkaratusi hazikosekani Gusii, ila usipande beri chini ya mikaratusi yenyewe, kwa sababu itanyimwa maji na jua.

29. Ufito ukifika mita 1 au zaidi kidogo, kata ncha yake kwa vidole. Utatoa matawi ya pembeni, na matawi hayo ndiyo hubeba maua. Ukiuacha urefuke, utapata kamba ndefu yenye matunda machache mwishoni.

30. Je, wajua kwamba aina zinazoinama hujizalisha zenyewe? Pindisha ncha ya ufito, ifukie kwenye udongo kama sentimita 10, na baada ya wiki kadhaa itatoa mizizi. Kata, hamisha, na umepata mche wenye sifa zote za mama yake.

31. Mizizi yake mingi iko juu juu. Jembe huikata na kuamsha machipukizi yasiyotakiwa. Ng'oa magugu kwa mkono, kisha tandaza mabua ya mahindi au majani makavu ya mgomba kuzunguka shina, bila kuligusa.

32. Ua la beri nyeusi linaweza kujichavusha, lakini nyuki huongeza uzito wa tunda. Kila kijitunda kinahitaji chavua yake. Beri iliyopinda, yenye vijitunda vikubwa upande mmoja na mapengo upande wa pili, mara nyingi ilikosa nyuki wa kutosha. Nyunyizia dawa jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na si wakati wa maua ikiwezekana.

MAADUI NA SHERIA

33. Nzi mdogo aitwaye Drosophila suzukii, asili yake Asia, alionekana Kenya mwaka 2019. Nzi wengi wa matunda ya aina yake hungoja tunda lioze. Jike huyu ana kifaa cha meno cha kutagia, na hupasua ngozi ya tunda zima lililo mmeani. Kinga yake ni neti yenye matundu madogo sana, kuvuna mara kwa mara, na kutoacha hata beri moja iliyoanguka chini.

34. Mvua ndefu zikikuta tunda limeiva, ukungu wa kijivu hulivamia usiku mmoja. Kwa aina zinazozaa kwenye fito za mwaka huo huo, mkulima ana silaha: akikata fito zote chini, mmea huanza upya. Pima muda wa shamba lako kutoka kukata hadi kuvuna, kisha ulenge miezi ya mvua kidogo, kama Januari na Februari.

35. Beri nyeusi inaweza kuwa gugu baya. Australia imeiweka ya Ulaya katika orodha ya magugu yanayoisumbua nchi nzima, hata ikaleta ugonjwa wa kutu kuipunguza. Katika visiwa vya Galápagos, ndugu yake Rubus niveus amefunika misitu ya juu. Ndege hula tunda na kubeba mbegu. Vuna yote, na ukiona chipukizi kando ya mto, ling'oe.

36. Kumwomba shangazi aliye Marekani akuletee fito kwenye sanduku ni kosa la kisheria. Mmea wowote unaoingia nchini huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya kutoka nchi unakotoka. Kirusi kimoja kwenye ufito mmoja kinaweza kuharibu zao la wilaya nzima.

37. Kenya ni mwanachama wa UPOV, umoja wa kimataifa unaolinda haki za wazalishaji wa aina mpya za mimea, tangu 1999. Aina mpya inaweza kuwa na mwenyewe. Kabla ya kuzalisha miche kwa ajili ya kuuza, uliza kwanza.

KUVUNA, KUUZA, KULA

38. Je, wajua kwamba beri nyeusi mbichi ni nyekundu? Huanza kijani, ikawa nyekundu, kisha nyeusi, na hata nyeusi ya kung'aa sana mara nyingi bado ni chachu. Ngoja ing'ae kidogo tu na itoke bila kuvutwa kwa nguvu.

39. Ndizi na parachichi huivia ghalani. Beri nyeusi haiivi tena ikishachumwa. Uliyochuma ikiwa chachu utaiuza ikiwa chachu.

40. Beri huharibika haraka: bila baridi, hesabu siku moja au mbili. Kwenye friji iliyo karibu na nyuzi 0 hukaa siku kadhaa zaidi. Chuma asubuhi baada ya umande kukauka, weka moja kwa moja kwenye kikasha kifupi cha kuuzia, na usiioshe mpaka saa ya kula.

41. Beri nyeusi iliyogeuka madoa mekundu baada ya kuvunwa haijaoza. Ilibanwa au ilibadilishiwa joto ghafla. Huliwa, lakini mnunuzi wa mjini ataikataa.

42. Gramu 100 za beri nyeusi zina kalori 43 tu, nyuzinyuzi za chakula gramu 5 na ushee, na vitamini C kama miligramu 21. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji.

43. Zisizouzika mbichi hufanywa jamu. Changanya na chache ambazo bado ni nyekundu, kwani zina pektini nyingi zaidi na husaidia jamu kugandamana. Zilizogandishwa kwenye friji hukaa miezi.

Kwa ufupi, ndugu msomaji: usianze na nusu ekari, wala usianze na mbegu. Pima udongo. Nenda kwenye kitalu kilichosajiliwa, taja jina la aina unayoitaka, na uulize kama inazaa kwenye ufito wa mwaka huo huo. Geuza jani, pitisha kidole chini yake. Muuzaji asipojua jina la aina, bakiza pesa zako. Akilijua, chukua miche 5, uipande mpakani, na kabla ya kuongeza mche wa sita utafute atakayenunua tunda siku hiyo hiyo linapochumwa. Soko la karibu ndilo litakalokuambia kama zao hili ni lako.